Ulinzi Usafiri na Mashine: Kuzidi kwa Mkondo katika Mashine za Karakana Zinazochomekwa

Mada kwa mafundi umeme, wenye karakana na wasimamizi wa mitambo, Kuluva, Arua

1. Utangulizi



Nimekuja na plagi moja mkononi. Ni ya ampea 13, ya meno matatu bapa, niliyoikata kwenye mashine ya kupigia randa ya seremala mmoja wa Koboko. Nilipoifungua sikukuta fyuzi. Nilikuta kipande cha msumari kilichokatwa urefu wa inchi moja, kikakaa mahali pa fyuzi utadhani kilitengenezewa hapo. Plastiki ya upande huo imegeuka kahawia, na waya umekauka hata ukiukunja ganda linapasuka.

Tusimcheke seremala, maana alikuwa na sababu yake. Mada hii inaeleza sababu hiyo, inaonyesha kwa nini msumari haukuwa jibu, kisha inapendekeza la kufanya.

2. Msumari ulitoka wapi

Mota ya mashine ile ni ya farasi 3, yaani kilowati 2.2, ya fezi moja. Kwa volti 240 inakula ampea 14 hivi ikifanya kazi kwa nguvu zote. Wakati wa kuwaka huvuta mara sita ya hapo, zaidi ya ampea 80, kwa sekunde moja au mbili. Fyuzi ya 13 haihimili hayo. Seremala alinunua fyuzi asubuhi, ikaungua. Akanunua nyingine mchana, nayo ikaungua. Siku ya tatu akachukua msumari.

Kosa halikuanzia kwake. Lilianza kwa aliyeifungia mashine hiyo plagi ya 13. Mota ya namna hii inataka plagi ya viwandani, ile ya duara ya buluu ya ampea 16, na soketi yake iwe na breka yake peke yake.

Sasa tuangalie msumari ulifanya nini. Soketi ilikuwa nyuma ya breka ya ampea 32, na waya wa mashine ulikuwa wa milimita 1.5 za mraba, ambao kazi yake ni kubeba ampea 16 hivi. Breka ya 32 imeundwa ivumilie ampea 36 kwa saa nzima bila kukata. Joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo: ampea 36 katika waya wa 16 ni joto mara tano. Breka inaona mambo ni shwari, huku waya ukichemka chini ya maranda makavu.

Hapa ndipo kanuni ya msingi inapoeleweka: mkondo wa mashine usizidi kipimo cha breka au fyuzi, na kipimo hicho kisizidi uwezo wa waya mwembamba kuliko wote unaolindwa. Breka ya ukutani inalinda waya wa ukutani. Haiijui mota yako, wala waya unaoburuzwa sakafuni.

3. Plagi za nchi tatu

Sisi tunaishi mpakani mwa Uganda. Mashine zinatoka Kampala, zinavuka kutoka Ariwara upande wa Kongo, nyingine zinashuka kutoka Sudani Kusini. Kila moja inakuja na plagi ya kwao.

Plagi yetu ya meno bapa ni urithi wa Uingereza, ambako kiwango chake kilitolewa mwaka 1947. Shaba ilikuwa adimu baada ya vita, wakaamua soketi nyingi zishiriki mzunguko mmoja wenye ulinzi mkubwa, kisha kila plagi ibebe fyuzi yake. Plagi ya pini mbili za duara kutoka bara la Ulaya haina fyuzi, kwa sababu huko ulinzi wa ampea 16 unakaa ukutani. Ukiiunganisha kwa adapta isiyo na fyuzi kwenye soketi yetu yenye breka ya 32, umekosa ulinzi wa kwao na wa kwetu pia. Hujaweka msumari, lakini matokeo ni yale yale.

4. Chanzo kikibadilika, shoti nayo inabadilika

Eneo letu la West Nile lilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Kampuni ya umeme ya WENRECo ilipewa eneo hili mwaka 2003. Kituo cha maji cha Nyagak, megawati 3.5, kilianza kuzalisha mwaka 2012. Gridi ikatufikia mwaka 2024. Lakini jenereta na sola hatujaziacha. Mashine moja inaweza kula umeme wa vyanzo vitatu katika wiki moja.

Breka hukata shoti papo hapo iwapo tu mkondo ni mkubwa vya kutosha. Breka ya 16 ya aina C inahitaji hadi ampea 160 ili tuwe na hakika. Je, chanzo chako kinaweza kuzitoa?

Karibu na transfoma ya kVA 100, shoti hufika ampea 3,500 hivi. Ya kVA 200 hufika 7,000, na hapo breka iliyoandikwa 6000 yaweza kupasuka badala ya kukata. Lakini sogea mita 100 kwa waya wa alumini wa milimita 16 za mraba, shoti inashuka hadi ampea 600 hivi. Bado C16 itakata; D32, inayotaka 640, huenda isikate.

Jenereta ya kVA 20 ya fezi tatu hutoa ampea 28, na kwenye shoti usitegemee kupata zaidi ya mara tatu yake: ampea 84. Inveta ya kilowati 5 hutoa 21, labda mara mbili yake kwa kitambo kidogo kabla haijajizima. Kwa hizo, C16 haina hakika ya kukata papo hapo; huenda ingoje ipate joto. Ndiyo maana breka ya kuvuja umeme, ya miliampea 30, ni ya lazima, maana yenyewe haitegemei ukubwa wa shoti kwenda ardhini.

5. Mapendekezo

Kwanza, kila mashine yenye mota ibebe ulinzi wake wa kuzidiwa, uliorekebishwa kwa ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Ubao ukikwama, huo ndio utakaokata.

Pili, soketi ya 16 ilindwe kwa breka isiyozidi 16, na ya 32 kwa isiyozidi 32. Aina C itumike kwa mota. Aina D pale tu ulipopima ukinzani wa mzunguko hadi ardhini, kwa kila chanzo.

Tatu, kazi ya ukutani ifanywe na fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA.

Nne, tuweke daftari: mashine, ampea, waya, breka, tarehe ya kupima, na kila fyuzi iliyoungua. Kuluva haihitaji kufundishwa thamani ya daftari. Dk. Ted Williams wa hospitali ya hapa alisafiri na madaktari Denis Burkitt na Cliff Nelson mwaka 1961 kutafuta uvimbe wa watoto ulikoenea, na kumbukumbu za wagonjwa wa Kuluva zikaja kusaidia dunia kuuelewa. Fyuzi mbili kuungua siku moja ni dalili. Ingeandikwa, mtu angeuliza kabla ya msumari.

6. Hitimisho

Mashine inayochomekwa haijui kesho itachomekwa wapi. Basi tusiuachie ukuta kazi ya kuilinda.

Kila mmoja wenu aliombwa aje na plagi moja kutoka karakana yake. Bisibisi ziko mezani. Kabla ya chai, tuzifungue.