Kuchora si Kupoteza Wakati

Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mjini Dodoma, mbele ya walimu wa shule za sekondari na maofisa elimu.



Mliponialika nije nizungumze juu ya sanaa za ufundi katika shule zetu za sekondari, nilijiuliza kwanza kama ninayo haki ya kusimama hapa. Mimi ni mwandishi wa habari. Sijapata kufundisha darasa hata siku moja, wala sikusoma uchoraji nilipokuwa sekondari, kwa sababu shuleni kwetu somo hilo halikuwapo. Kilichokuwapo ni adhabu yake. Nikiwa Kidato cha Pili nilikutwa nimechora uso wa mwalimu wetu wa Hesabu pembeni mwa daftari. Nilichapwa viboko vinne. Sikuchapwa kwa kumdhihaki mwalimu, maana mchoro haukuwa wa dhihaka. Nilichapwa kwa kupoteza wakati. Mwalimu akauchana ule ukurasa, lakini kabla hajautupa aliutazama kwa kitambo kirefu kidogo. Sikumwuliza alichokiona, na sasa siwezi kumwuliza tena, kwani amekwisha kufariki.

Neno hilo, kupoteza wakati, ndilo lililonileta hapa. Nimelisikia kwa wazazi, nimelisikia kwa wakuu wa shule, na niseme kweli, nimelisikia hata katika vyumba vya habari, ambako mchoraji wa katuni hukumbukwa pale tu ukurasa unapobaki na nafasi.

Ninaposema sanaa za ufundi nina maana ya uchoraji, uchongaji, ufinyanzi, ususi, utiaji nakshi na kazi nyingine za mkono zinazotazamwa kwa macho. Ngoma na maigizo ni ndugu zake, lakini hao wamebahatika zaidi: mgeni rasmi akifika shuleni hutumbuizwa kwa ngoma, na kwa hiyo hakuna mkuu wa shule asiyejua faida yake. Mchoro haupigi makofi.

Nianze na hadithi niliyopewa na mwalimu mmoja wa Baiolojia. Siku ya mazoezi ya vitendo aliwagawia wanafunzi wake majani ya mti, kila mmoja na lake, akawaambia wachore walichonacho mezani. Jani la msichana mmoja lilikuwa limetobolewa na wadudu, na upande mmoja ulikuwa umeliwa karibu nusu. Msichana akachora jani zima, lenye ncha nzuri na mishipa iliyopangika sawasawa, kama lilivyo kitabuni. Mwalimu alipomwuliza matundu yako wapi, alijibu kwamba alidhani hayatakiwi.

Ndugu walimu, binti yule hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa kwa miaka kumi kwamba ukweli umo kitabuni, na kwamba kilicho mezani kwake kikitofautiana na kitabu, basi chenye kosa ni kile cha mezani. Huyu ndiye atakayekuwa mganga wetu, naye atatazama kidonda. Huyu ndiye atakayekuwa bwana shamba, naye atatazama mhindi ulioingiwa na ugonjwa. Uchoraji unaofundishwa vizuri kazi yake ya kwanza si kupamba ukuta. Ni kumzoeza kijana kukitazama kitu kilicho mbele yake mpaka akione. Mtu hawezi kuchora tundu asiloliona. Mwalimu naye akiutazama mchoro ule anatambua mara moja kama mwanafunzi aliangalia au alikumbuka tu. Sijui somo jingine linalomfichua mtu upesi namna hiyo.

Yapo maneno mawili ambayo husemwa kulipinga jambo hili. La kwanza ni kwamba sanaa ni kipaji, haifundishiki, na mfano unaotolewa daima ni marehemu Edward Saidi Tingatinga. Wanasema: je, yeye alisoma chuo gani?

Naomba tuutazame mfano huo vizuri, maana unathibitisha kinyume chake. Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mnamo mwaka 1968, juu ya vipande vya hadibodi, kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Ilikuwa kazi ya miaka minne tu. Kwa nini basi mtindo wake haukuzikwa pamoja naye? Kwa sababu alifundisha. Aliwakusanya ndugu na vijana wa kwao, akina Ajaba Abdallah, Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda na Adeusi Mandu, wakakaa naye, wakamwona anavyoanza na anavyomaliza, wakashika brashi. Hiyo ilikuwa shule. Haikuwa na paa wala hati ya usajili, lakini ilikuwa na mwalimu, wanafunzi na kazi ya kila siku. Na Wamakonde hufanya vivyo hivyo: hakuna mtoto aliyezaliwa akijua jinsi mpingo unavyopasuka, anakaa chini ya mkubwa wake miaka, akipewa kwanza kazi ya kusugua.

Kwa hiyo swali si kama sanaa inafundishika. Inafundishwa Watanzania wangapi, na nje ya shule, siku zote. Swali ni kwa nini shule imejitenga nayo.

Neno la pili ni la ajira, na hili silidharau, maana mzazi anayeuza mbuzi ili alipe nauli ya mtoto anayo haki ya kuuliza atapata nini. Lakini tukumbuke historia yetu wenyewe. Mwaka 1937 bibi mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza madarasa ya uchoraji huko Kampala, ambayo baadaye yalikuwa idara kamili ya Makerere. Wakati huo kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu alilazimika kwenda huko. Mmoja wa waliokwenda alikuwa Sam Ntiro, mtoto wa Kilimanjaro. Alijifunza uchoraji, akaendelea Shule ya Slade mjini London, akarudi kufundisha. Mwaka 1960 Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York lilichukua mchoro wake unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Nchi ilipopata Uhuru mwaka 1961, mwalimu huyu wa uchoraji ndiye aliyepelekwa London kutuwakilisha. Viongozi wa wakati ule hawakuona ajabu kwamba mchoraji anaweza kuwa balozi. Aliyemfuata Makerere, Elimo Njau wa Marangu, alichora katika kanisa la Murang'a, Kenya, maisha ya Yesu yakiwa yanatendeka katika vilima na migomba ya Kiafrika. Kazi hiyo aliimaliza mwaka 1959.

Siwataji hawa ili kila mzazi atarajie balozi. Nawataja kwa sababu mwanafunzi wetu wa Kidato cha Nne hawajui. Anaweza kukutajia mito ya nchi za mbali, lakini Ntiro hamjui. Na taifa lisiloandika habari za wachoraji wake huaibika. Mwaka 2017 tulisikia kwamba mzee Francis Kanyasu Maige, aliyejulikana kwa jina la Ngosha, aliyesema kwamba ndiye aliyechora Nembo ya Taifa, anaishi katika ufukara Buguruni, Dar es Salaam. Alifariki mwezi Mei mwaka huohuo katika Hospitali ya Muhimbili. Wako wengine wanaosema mchoraji alikuwa marehemu Jeremiah Wisdom Kabati. Mimi siingii katika hukumu hiyo. Ninachouliza ni hiki: nembo iliyo juu ya kila barua ya ofisi ya Serikali, iliyo ukutani mwa kila mkuu wa shule aliyemo humu, iliwezekanaje tukabaki kubishana juu ya mkono ulioichora? Kama ingekuwa ni sheria, tungemjua aliyeiandika na tarehe ya kutiwa sahihi.

Sasa nafika mahali panaponitia wasiwasi. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeweka mikondo miwili katika sekondari, wa jumla na wa amali, na sanaa zimepewa nafasi ambayo hazikuwa nayo. Mwaka huohuo zilitangazwa pia tahasusi za sanaa kwa Kidato cha Tano. Hili ni jambo jema na limechelewa. Lakini tusidanganyane. Tunaijua desturi yetu. Kijana mwenye alama nzuri ataambiwa, "Wewe nenda sayansi," na yule aliyetuelemea ataambiwa, "Wewe nenda kachore." Tukifanya hivyo tutakuwa tumeua mambo mawili kwa pigo moja: sanaa itakuwa jalala la walioshindwa, na mwanasayansi wetu ataendelea kuchora jani zima. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililalamikia elimu inayomfanya kijana aamini kwamba maarifa yote yako vitabuni, na aidharau kazi ya mikono. Itakuwa ajabu kama tutaitumia amali yenyewe kurudisha utengano huo.

Nitaambiwa vifaa hakuna. Ni kweli, na Serikali haina budi kuvinunua, na walimu wa somo hili hawana budi kufundishwa kwa wingi kuliko sasa. Lakini kukosekana kwa vifaa kusiwe kisingizio cha kutoanza. Mkaa uko kila jiko. Udongo mwekundu, chokaa na masizi, vikichanganywa na uji mzito wa muhogo, vinatoa rangi tatu. Karatasi za mitihani ya mwaka jana zina upande wa pili mweupe. Na wako akina mama wanaosuka ukili na mikeka, ambao hesabu za pembe na mistari wanazifanya kwa vidole. Mwalimu wa Hesabu akimwalika mmoja wao darasani, sidhani kama atajuta.

Jambo moja tu nawasihi: msiwape wanafunzi picha za kunakili. Twiga yuleyule na mlima uleule vinavyojaa kwenye vibanda vya watalii havikuletwa na ukosefu wa kipaji. Vimeletwa na vijana ambao hakuna aliyewaambia watazame kwingine. Mpe mwanafunzi kiatu chake mwenyewe, kilichochakaa. Mpe mara tano. Na usimpe alama kwa uzuri, mpe kwa kuona.

Ninyi wa Dodoma mna bahati ambayo mikoa mingine haina. Huko Kondoa, barabara ya lami inapita Kolo, na juu ya vilima vyake iko michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006: watu warefu wembamba, twiga, pofu, kwa rangi nyekundu na nyeupe, vilivyochorwa na wakazi wa nchi hii ambao majina yao hatutayajua kamwe. Wenyeji wangali wanafanya matambiko katika baadhi ya mapango hayo. Nilipokwenda, kitabu cha wageni kilijaa anwani za Ulaya. Nilikipitia kurasa nyingi nikitafuta jina la shule ya sekondari ya mkoa huu, hata moja, nikaona ni afadhali niwaulize wenyewe leo.