Deni Lilipwe, Haki ya Mkopaji Isivunjwe

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia)



Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hatukuja kufundisha namna ya kukwepa madeni. Lakini ipo njia halali ya kudai, na ipo isiyo halali. Katika jumuiya zetu wapo akina mama waliochukua mikopo inayoitwa "kausha damu" kwa ajili ya mtaji wa genge au ada ya shule. Wakichelewesha rejesho, wadai huja kwa kundi na kubeba magodoro na masufuria. Wengine hutuma ujumbe wa kuwaaibisha kwa ndugu na majirani. Mama hunyamaza kwa aibu, hukopa kwingine ili alipe huku, na deni huzaa deni.

Ndugu zetu, ukimya huo ndio silaha kubwa ya mdai mkorofi. Tuuvunje kwa kujua mambo manne.

Kwanza, leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Kukosa leseni kwa mkopeshaji si ruhusa ya kula fedha zake, bali ni sababu ya kutoa taarifa Benki Kuu.

Pili, mkataba. Usitie saini wala dole gumba kabla hujasomewa riba, adhabu na tarehe za marejesho, na ubaki na nakala. Mkopo wa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi unadai riba ya shilingi 60,000 kila mwezi, hata kabla ya kugusa mtaji. Kadi ya benki na namba yake ya siri usimkabidhi mtu. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa.

Tatu, mali. Deni ni shauri la madai. Mdai akishinda mahakamani, anayekamata mali ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi. Hata hapo, sheria inakinga nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya familia, pamoja na zana za fundi na za mkulima. Anayevunja mlango au kupiga mtu apelekwe polisi.

Nne, siri za mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Anayesambaza picha au deni lako kwa watu walio kwenye simu yako anaweza kulalamikiwa mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usifute ujumbe huo, maana ndio ushahidi.

Kamati zifanye nini? Kila parokia iteue watu wawili wanaotunza siri, wamsikilize mdaiwa, wakusanye mkataba na risiti, na wamsaidie kuandika barua kwa mkopeshaji kuomba ratiba mpya ya malipo. Asiposikilizwa, malalamiko yaende Benki Kuu. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017, hutoa msaada bila malipo.

Kwa wafadhili wetu: wapo wanaopendekeza mfuko uwalipie wadaiwa madeni yao. Tunaomba tusianzie hapo, kwani fedha hizo zitaishia kwa wanaotoza riba za kukomoa, na mwezi ujao atakuja mdaiwa mwingine. Tusaidieni kuwafunza wasaidizi wa kisheria na kuimarisha vikundi vya kuweka na kukopa, ili mama apate mtaji bila kuuza utulivu wa nyumba yake.