Mwenyeji Hushinda: Magari ya Vita katika Vibanda vya Gemu vya Kariakoo



Jioni hii nitazungumzia michezo ya video ambayo magari hurushiana makombora. Nimeichagua makusudi, maana katika kumbi kama hii magemu hutajwa tu tunapolalamikia watoto wasiosoma. Nadai kwamba michezo ile ya miaka ya tisini ilipendwa kwa sababu ilimpa mtoto raha ya kuwa mwenyeji wa mahali, na watoto wa mjini Dar es Salaam waliielewa raha hiyo upesi.

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Mwaka uliofuata, Novemba 1995, mchezo uitwao Twisted Metal, kazi ya kampuni ya SingleTrac ya Marekani, ulitoka kwa ajili ya PlayStation ya Sony. Watoto wetu wa kwanza kukua na TV ndio waliokuja kubanana kwenye mabenchi ya vibanda vya gemu, mbele ya mashine zilizokwisha kupita mikono mingi. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na ugonjwa wake: lenzi ya kusomea CD iliteleza kwenye reli ya plastiki, karibu na sehemu ya umeme yenye joto. Plastiki ikilika, lenzi inakaa upande na mchezo unaganda. Tiba ilisambaa duniani kwa mdomo: ipindue mashine juu chini, ucheze.

Sasa tazameni mashine yenyewe. Kumbukumbu yake kuu ilikuwa megabaiti 2. Kwa nafasi hiyo huwezi kuweka mji mzima, hivyo watengenezaji walikata vipande vya Los Angeles wakavifanya viwanja sita: eneo la maghala, barabara kuu, bustani ya mtoni, mitaa ya jiji, mapaa ya majengo, na uwanja mdogo wa kuanzia. Uhaba huo ndio uliozaa utamu. Kiwanja kidogo kinajulikana. Ukikicheza mara nyingi unajua kombora hujitokeza kona ipi, gari hutengenezwa wapi, ni kilima gani kinakurusha hadi upande wa pili. Mgeni anakuja na gari zuri, anapotea. Mwenyeji anamsubiri mahali anapojua lazima atapita.

Hiyo ndiyo akili ya Kariakoo. Dereva wa kirikuu aliyekwama Mtaa wa Msimbazi anajua lini aingie Mkunguni, lini asithubutu Congo kwa sababu bidhaa zimeshapangwa hadi katikati ya njia, na Narung'ombe inamtoa wapi. Nguvu ya injini haimsaidii hapo. Mtoto aliyelelewa katika mitaa ile iliyonyooka na kukatana, yenye kona kila baada ya nyumba chache, alipowekwa mbele ya kiwanja cha Twisted Metal hakuhitaji kujua Kiingereza cha maelezo. Aliyatambua hata magari: pikipiki ya Mr. Grimm, nyepesi, haihimili kipigo lakini pigo lake linaumiza. Lori la Darkside, zito, gumu kugeuza, linavumilia. Bodaboda na Fuso wanaishi kwa mkataba huohuo kila siku pale Uhuru na Msimbazi.

Kisha kuna jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Watu wawili walicheza kwenye TV moja iliyogawanywa nusu. Nusu yako naiona, nusu yangu unaiona, na benchi zima linaona zote mbili na kusema kwa sauti. Huwezi kujificha. Ushindi unabaki kwa anayeijua ardhi zaidi, na aliyeshindwa ameketi bega kwa bega nawe, anasubiri zamu yake ya kulipiza. Leo kijana anapigana kwa intaneti na mtu asiyemjua, katika miji mikubwa ya kubuni ambayo hakuna anayeimaliza. Nimeiangalia michezo hiyo kwa heshima, lakini haina wenyeji.

Wazazi wana hofu ya ukatili wa michezo hii, nami siibezi. Ilianza zamani: mwaka 1976 kampuni ya Exidy ilitoa Death Race, mchezo wa kugonga vijitu barabarani, na Marekani ikawaka kwa malalamiko. Katika nchi inayozika watu kwa ajali kama yetu, kumgonga mtembea kwa miguu hakupaswi kuwa mchezo. Gari dhidi ya gari ni habari nyingine, na wakati mwingine ina historia ndani yake. Vigilante 8 ya mwaka 1998 imejengwa juu ya uhaba wa mafuta wa miaka ya sabini. Wazee waliomo humu wanakumbuka jinsi magari binafsi yalivyozuiwa kutembea Jumapili mchana ili taifa libane mafuta. Hadithi yetu hiyo bado haina gemu.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa kompyuta: tengenezeni kiwanja cha Kariakoo. Kiwe kidogo. Mliweke katikati soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, na ghorofa yake ya chini ya ardhi iwe njia, kwa kuwa mwenyeji anaijua na mgeni hadhani ipo. Msimbazi iachwe pana ili lori lipate haki yake; mitaa ya ndani ibane hadi guta lipite na Fuso likwame. Watu msiwaweke barabarani: chagueni asubuhi ya Idi, maduka yamefungwa na familia ziko kwenye swala. Na tafadhali, pedi ziwe mbili, TV iwe moja.