Bima, Mashine na Safari ya Kurudi: Upatikanaji wa Matibabu katika Maamuzi ya Watanzania Waishio Ughaibuni

1.0 Utangulizi



Mimi ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na sehemu kubwa ya utumishi wangu imepita kwenye kitengo cha kusafisha damu. Mada niliyopewa ni pana: jinsi upatikanaji wa matibabu unavyomfanya mtu aondoke kwao, abaki ugenini au arudi. Nitapita haraka kwenye yale ambayo wengi wetu tunayafahamu, kisha nitaomba muda zaidi kwa jambo moja ambalo nimelipigania kwa miaka mingi bila mafanikio ya kuridhisha. Ieleweke kwamba maoni haya ni yangu kama mtaalamu, si msimamo wa mwajiri wangu.

2.0 Maana ya maneno

Katika mada hii, *diaspora* ni Watanzania waishio nje pamoja na watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine. *Upatikanaji wa matibabu* una sehemu tatu: huduma kuwepo, kufikika, na mgonjwa kuimudu gharama yake. *Bima ya afya* ni utaratibu wa kuchangia kabla ya kuugua. *Kipindi cha kusubiri* ni muda ambao mwanachama mpya anachangia lakini bado hajaruhusiwa kutumia baadhi ya huduma. Naomba neno hili la mwisho likumbukwe, maana ndilo kiini cha mada yangu.

3.0 Hali ilivyo katika nchi wanazoishi

Kila nchi inampa mkazi wake haki ya matibabu kwa masharti yake, na karibu masharti yote yanamtaka awe ndani ya mipaka.

Uingereza, huduma ya afya ya taifa iliyoanza mwaka 1948 hutolewa kwa msingi wa ukaazi. Mgeni mwenye viza ya muda mrefu hulipa ada ya afya ya uhamiaji. Ada hiyo ilianza mwaka 2015 kwa pauni 200 kwa mwaka, na tangu Februari 2024 imefika pauni 1,035 kwa mtu mzima. Mkazi akihama moja kwa moja, haki ya matibabu ya bure yasiyo ya dharura inakoma, hata kama alichangia kodi maisha yake yote ya kazi. Tena, pensheni ya serikali ya Uingereza haipandishwi kila mwaka kwa mstaafu anayeishi Tanzania. Inabaki pale ilipokuwa alipohama, ilhali bei ya dawa haibaki.

Marekani, bima ya afya ya serikali iitwayo Medicare huwahudumia hasa watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi, na aliyechangia kwa miaka 10 ya kazi hupata bima ya kulazwa bila kulipia ada ya mwezi. Lakini isipokuwa katika mazingira machache sana, Medicare hailipi hospitali iliyo nje ya Marekani. Anayeacha sehemu ya Medicare inayolipia huduma za madaktari akarudi kuiomba baadaye huongezewa ada kwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyokosa.

Kanada, kila jimbo lina masharti yake. Ontario, kwa mfano, inamtaka mwanachama awepo jimboni walau siku 153 katika kila miezi 12. Ndiyo maana wapo wazee wa Toronto wanaokuja Tanga au Moshi wakiwa na kalenda mkononi.

Nchi za Kiarabu za Ghuba ni kinyume chake. Kule upimaji hutangulia safari: anayekutwa na kifua kikuu, homa ya ini au Virusi vya UKIMWI hapewi kibali cha kazi. Aliyepata kazi hutegemea bima ya mwajiri, na mkataba ukiisha, bima imeisha.

Wazazi nao wamo. Mtoto aliyeko Uingereza akitaka kumchukua mama yake mgonjwa, atakuta njia ya ndugu tegemezi ilibanwa sana mwaka 2012. Mama akija kwa viza ya matembezi, matibabu ya hospitali yasiyo ya dharura hutozwa asilimia 150 ya bei ya kawaida. Marekani, mzazi aliyepata ukaazi wa kudumu lazima akae miaka mitano mfululizo kabla ya kuruhusiwa hata kuinunua Medicare. Kwa hiyo wapo wanaobaki ughaibuni kwa sababu ya matibabu yao, na wapo wanaorudi kwa sababu ya matibabu ya wazazi. Sera zetu zinapaswa kuwaona wote wawili.

4.0 Tatizo la msingi: mgonjwa wa kusafisha damu anayetaka kurudi

Ndugu washiriki, hapa ndipo ninapoomba subira yenu.

Shinikizo la damu na kisukari, maradhi yanayowaandama sana watu wetu waliohamia nje, huweza kuishia kwenye figo. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa takriban saa nne kila mara. Hiyo ni mizunguko 156 kwa mwaka, na kila mzunguko hutumia takriban lita 120 za maji yaliyochujwa. Mgonjwa huyu hana likizo. Akikosa mizunguko miwili mfululizo, maji huweza kujaa kwenye mapafu na chumvi ya potasiamu kupanda hadi kuusimamisha moyo.

Marekani, tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 1972, aliyeshindwa figo anaweza kupata Medicare kwa umri wowote, mradi yeye au familia yake ametimiza masharti ya uchangiaji. Uingereza, mgonjwa huyo halipii mashine. Sasa mwambieni mtu huyo arudi nyumbani akawekeze.

Simu ninazopokea kutoka nje zinafanana. Hawaniulizi kama tuna madaktari bingwa, hilo wanalijua. Wamesikia kwamba Muhimbili ilianza kupandikiza figo mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Wanachouliza ni hiki: "Nikifika Jumatano usiku, Alhamisi nitapata zamu? Nani atalipa?"

Nitoe mfano mmoja. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya udereva wa mabasi Birmingham alikuja kumzika kaka yake. Alisafishwa damu Jumatano, akapanda ndege Alhamisi, na Ijumaa jioni akafika kwetu na mwanawe. Barua aliyokuja nayo ilieleza ugonjwa wake kwa mistari mitatu. Haikuwa na majibu ya karibuni ya homa ya ini B na C wala ya Virusi vya UKIMWI, na bila majibu hayo hatuwezi kujua ni mashine gani anaweza kuunganishwa nayo bila kuwahatarisha wenzake. Haikuonyesha uzito anaotakiwa kubaki nao baada ya kutolewa maji. Muuguzi alishika mkono wake wa kushoto, akaweka vidole viwili juu ya kifundo na kusikia mtetemo wa mshipa uliounganishwa kwa ajili ya kusafishia damu. Mshipa ulikuwa mzima. Mkono ulikuwa tayari, karatasi ndizo hazikuwa tayari. Usiku wa Jumamosi alishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, akaingizwa kwa dharura, na mwanawe akalipa fedha taslimu. Mzee huyo ana nyumba Muheza, ameimaliza hadi vigae. Alilala humo usiku mmoja. Aliponiaga aliniambia, "Mwanangu, nyumba ninayo, mashine ndiyo sina." Alirudi Birmingham, na huko yuko.

Ukiuchambua mfano huu, kuna mapengo matatu.

*Pengo la nyaraka.* Tunachohitaji kinajulikana na kinatosha kurasa mbili: majibu ya vipimo, uzito lengwa, aina ya chujio, kiwango cha dawa ya kuzuia damu kuganda, hali ya mshipa au mpira wa shingoni, na sindano za kuongeza damu anazochomwa. Lakini hakuna fomu moja ya taifa ambayo mgonjwa anaweza kuipakua na kumpelekea daktari wake kabla ya kukata tiketi. Kila kituo kina yake, na vingine havina.

*Pengo la zamu.* Mgonjwa hawezi kuthibitishiwa nafasi akiwa nje. Anaambiwa aje kwanza. Namuelewa muuguzi kiongozi anayesema hivyo, kwa sababu zamu zake zimejaa wagonjwa wa kila siku na hawezi kumnyima wa hapa kwa ajili ya wa kule. Hata hivyo, kumwambia mgonjwa wa aina hii "njoo tutaona" ni kumwambia abaki alipo.

*Pengo la bima.* Hili ndilo kubwa. Mtu anapoondoka Uingereza au Marekani kwa kudumu, ulinzi wake wa kule hauvuki naye. Anapofika hapa ni mwanachama mpya, mwenye umri mkubwa na ugonjwa aliokuja nao. Mikataba mingi ya bima ya hiari humwekea mtu wa namna hiyo kipindi cha kusubiri, ukomo wa umri, au huondoa kabisa ugonjwa uliokuwepo kabla. Mwenye kisukari anaweza kununua dawa kwa fedha yake wakati akisubiri. Mgonjwa wa figo hawezi kusubiri hata wiki moja.

Siwalaumu watoa bima kwa kuweka masharti hayo. Mfuko unaopokea watu wakiwa wagonjwa tu, wanaojiunga leo na kutumia mizunguko 156 kwa mwaka, utaanguka na kuwaangusha waliochangia tangu ujana. Hoja hiyo nimeisikia kila mara nilipoliwasilisha jambo hili, na ni ya kweli. Ninachosema ni kwamba ina jibu. *Kipindi cha kusubiri kianze kuhesabiwa mtu akiwa bado ughaibuni.* Mtanzania mwenye miaka 45 anayeishi Leicester au Houston, mzima, mwenye kipato, aruhusiwe kujiunga leo na kuchangia kila mwaka. Kwa miaka yote hiyo mfuko utapokea mchango wake bila kumtibu, kwa kuwa anatibiwa huko. Siku akiamua kurudi, mzima au mgonjwa, atakuwa amekwisha kusubiri na amekwisha kuchangia.

Pendekezo hili nimeliandika mara nyingi, kwa ofisi zaidi ya moja. Majibu yamekuwa ya heshima: kwamba linafanyiwa kazi, kwamba ni suala mtambuka, kwamba lisubiri sheria. Sheria sasa ipo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalenga kila mkazi wa Tanzania Bara. Aliyeko nje si mkazi, na anayerudi anakuwa mkazi siku anayofika, ambayo kwa mgonjwa wa figo ni kuchelewa. Lugha hiyo ya ukaazi inahitaji utaratibu wa mpito.

5.0 Changamoto nyingine kwa ufupi

Mtanzania aliyechukua uraia wa nchi nyingine anapoteza wa Tanzania, tofauti na Mkenya ambaye Katiba yake ya mwaka 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Bunge letu lilipitisha marekebisho ya kuweka hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Ni hatua njema, lakini marekebisho yale yamejikita kwenye uhamiaji na ardhi. Kwa upande wa matibabu, mwenye hadhi hiyo anaweza bado kukutana na bei ya asiye raia. Aidha, waliopandikizwa figo wanahitaji kila siku, bila kukosa, dawa za kuzuia mwili kuikataa figo hiyo, pamoja na kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu. Nao wanauliza swali lilelile: nani atalipa?

6.0 Mapendekezo

Kwa heshima, napendekeza yafuatayo:

1. Uanzishwe uanachama wa bima kwa Watanzania waishio nje, wenye mchango wa kila mwaka unaopokelewa kwa njia za kielektroniki.
2. Kipindi cha kusubiri kihesabiwe tangu siku ya mchango wa kwanza, popote mwanachama alipo.
3. Kanuni za Bima ya Afya kwa Wote zieleze wazi nafasi ya anayerejea kuwa mkazi, na utaratibu huo uanze kabla hajasafiri.
4. Mwenye hadhi maalumu ya diaspora aruhusiwe kujiunga na bima na kutozwa bei ya raia.
5. Wizara yenye dhamana ya afya itoe fomu moja ya uhamisho wa mgonjwa wa kusafisha damu, kwa Kiswahili na Kiingereza, ipakuliwe bure.
6. Balozi zetu ziisambaze fomu hiyo, kwa kuwa jumuiya za diaspora hupita kwao.
7. Kila kituo cha kusafisha damu kiwe na mratibu wa wagonjwa wasafiri, mwenye namba ya simu inayopokelewa.
8. Zitengwe nafasi chache kila wiki kwa wasafiri waliothibitishwa, bila kugusa zamu za wagonjwa wa kudumu. Malipo ya wageni hao yasaidie kulipia zamu ya jioni.
9. Uthibitisho wa zamu utolewe kwa maandishi kabla mgonjwa hajakata tiketi.
10. Hospitali za mikoa zipewe kipaumbele, maana nyumba za wanaorudi ziko mikoani, na anayelazimika kupanga Dar es Salaam kwa ajili ya mashine hajarudi nyumbani.
11. Dawa za waliopandikizwa figo ziingizwe kwenye kitita cha huduma za bima cha wanaorejea.
12. Wizara yenye dhamana ya mambo ya nje na ile ya afya zikae meza moja katika suala hili, kwa kuwa kila moja imekuwa ikisubiri nyingine.
13. Upimaji wa shinikizo la damu, sukari na figo uhimizwe kwenye mikusanyiko ya diaspora. Figo isiyofika kwenye mashine ni nafuu kwa mgonjwa na kwa mfuko.
14. Nalirudia la pili, kwa kuwa ndilo linalobeba mengine: kipindi cha kusubiri kianze mtu akiwa bado nje.

7.0 Hitimisho

Tunawaomba ndugu zetu walete mitaji, ujuzi na uzoefu, na tunawahimiza wajenge nyumbani. Wengi wameitika. Lakini anayejenga akiwa na miaka 40 atataka kuishi humo akiwa na miaka 65, na umri huo huja na daktari wake, dawa zake na wakati mwingine mashine yake. Tusipolipanga hili, tutaendelea kupokea fedha zao wakiwa hai na majeneza yao baadaye.

Mapendekezo ya 5, 6, 7 na 9 hayahitaji sheria mpya wala bajeti kubwa. Naiomba semina hii, kabla ya kufungwa, iteue kikundi kidogo cha kuiandaa fomu ya pendekezo la tano. Rasimu yangu ninayo hapa, kurasa mbili, na niko tayari kuikabidhi leo.