MIKONO YA WATOTO WETU ISIFUNGWE

Maneno tuliyowaambia wazazi na walimu wa Ushetu juu ya mafunzo ya uchoraji na ufundi katika shule za msingi



Tumekuja kusema juu ya kipindi kimoja tu, kipindi ambacho mtoto wa shule ya msingi hupaswa kushika udongo, nyasi na rangi. Mtaala wa wakoloni haukuwa wetu. Huu ulioanza mwaka 2024 ni wetu wenyewe, na ndani yake limo somo liitwalo Sanaa na Michezo. Katika karatasi lipo. Je, darasani lipo? Semeni ninyi. Mara ngapi kipindi hicho kimemezwa na Hisabati kwa sababu mtihani umekaribia? Mara ngapi watoto wameambiwa kwamba sanaa ya leo ni kufyeka nyasi?

Lakini hatuwanyoshei walimu kidole peke yao. Sisi wazazi ndio wa kwanza kukosa. Tumefungua daftari la mtoto, tukakuta amechora ng'ombe pembeni mwa hesabu, tukamchapa kwa kuharibu karatasi. Hatukutazama kwamba ng'ombe yule alikuwa na nundu mahali pake, na pembe za ng'ombe wa zizi letu. Tulimpiga mtoto kwa kosa la kutumia macho yake. Hilo twalikiri mbele yenu.

Mtu atasema, "Picha hazisongi ugali." Haya, tumkumbuke Sam Ntiro, mtoto wa Uchagani, aliyezaliwa mwaka 1923. Alijifunza kuchora Makerere, kisha London. Alichora nini? Alichora migomba, wakulima, na watu wakifanya kazi pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa na jumba la makumbusho la New York. Na Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, mchoraji huyo ndiye aliyetumwa London kuwa Balozi wetu. Tumkumbuke pia Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru. Yeye hakupita chuo cha sanaa. Mwaka 1968 hivi, Dar es Salaam, alichukua vipande vya mbao za dari na rangi ya baiskeli, akachora wanyama. Alifariki mwaka 1972, lakini hadi leo watu wengi wanakula kwa kazi aliyoianzisha. Basi ugali umesongwa!

Mwingine atasema sanaa ni mambo ya mjini. Ndugu zangu, tazameni nyumbani kwenu. Nani alimfundisha mzee kubandua gome la mtundu, akalikunja na kulishona likawa kilindo cha kuwekea nafaka? Nani alimfundisha mama kufinyanga chungu kisichopasuka motoni? Kule Usukumani waganga wa nyoka, Bayeye, walichora kuta za nyumba zao, na kwa picha zile wakawafundisha wanafunzi wao. Hiyo ilikuwa shule. Na kiti kirefu cha enzi cha Unyanyembe, kilichochongwa na fundi wa Kinyamwezi, kiko Berlin katika makumbusho ya Wajerumani. Wageni walijua thamani yake. Je, mtoto wa Ushetu anajua?

Sasa tuseme juu ya pamba. Twalima, twapalilia, twachuma, twatenga safi na fifi. Kisha sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii huuzwa nje baada ya kuchambuliwa tu. Baadaye mama huenda gulioni kununua kitenge. Ua lililo juu ya kitenge kile limechorwa na mkono wa nani? Anayelima hupata kidogo; anayebuni na kusuka hupata kingi. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule imwandae mtoto kwa maisha ya hapa, si kwa mtihani peke yake. Kujitegemea bila ya kubuni ni kujitegemea nusu.

Walimu watatuuliza, "Tufundisheje, nasi tuna watoto mia darasani na hatuna hata kalamu za rangi?" Swali hili ni la haki. Nasi twajibu hivi.

Kwanza, anzeni na kutazama. Leteni chungu, kilindo na kikapu darasani. Waulizeni watoto: kwa nini shingo ya chungu ni nyembamba? Kwa nini kikapu kimeanzia katikati? Huo ndio mwanzo wa ubunifu: kujua umbo linafanya kazi gani.

Pili, rangi zipo. Mkaa ni mweusi, majivu ni ya kijivu, udongo mwekundu tunaukanyaga kila siku. Kijiti kilichotafunwa ncha ni brashi. Mfuko wa saruji uliokung'utwa ni karatasi. Na mtoto aliyemwona mama yake akipanga majani ya tumbaku kwa madaraja ameshajua kwamba manjano si moja.

Tatu, msichore ubaoni kikombe kimoja na kuwaamuru wote mia wakinakili. Mkifanya hivyo mtapata vikombe mia na hamtapata mchoraji hata mmoja.

Nne, watoto watengeneze kitu cha kutumika: ufagio, mkeka, kibao cha jina la shule. Kisha kazi zao zitundikwe ukutani, wazazi tuitwe, tuzione.

Nasi wazazi tunayo kazi. Mama mfinyanzi na mzee mchonga viti waende shuleni siku moja katika mwezi, wawe walimu. Kamati ya shule isimamie kipindi hicho kisiibiwe. Na fimbo iliyompiga mchora ng'ombe tuitupe.

Wazee waliojua kushona kilindo wanapungua mwaka hadi mwaka. Wakienda na ujuzi wao, tutausoma katika vitabu vya wageni na kuutazama Berlin kwa kiingilio. Mtoto yuko hapa, udongo uko hapa, fundi yuko hapa. Kilichobaki ni kuwakutanisha.