Redio Zetu Ziupige Muziki wa Duma

Septemba 2022 Bunge la Uganda lilipiga marufuku tamasha la muziki la Nyege Nyege, na kesho yake serikali ikaliruhusu kwa masharti. Wasikilizaji walizisikia hoja zote: za maadili, za watalii, za biashara ya hoteli kule Jinja. Ulikuwa mvutano uleule wa 2018, waziri wa maadili wa wakati huo, Simon Lokodo, alipotaka kulizuia. Kinachokitia kituo hiki wasiwasi hakikutajwa na upande wowote.

Waliolianzisha tamasha hilo wana studio Kampala. Katikati ya 2019 waliingia humo vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, wakakaa kama miezi mitatu wakirekodi. Walikuwa wametokea bendi za hevi metali za nyumbani, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Wakajiita Duma. Albamu yao ya kwanza, yenye jina hilohilo, ilitolewa Agosti 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes. Wimbo mmoja umebeba jina la nchi iliyowapokea: “Uganda with Sam”. Wakosoaji wa Ulaya wakaisifu.

Hapa nyumbani redio hazikuipiga.

Ni muziki wa nguvu. Ngoma za kompyuta zinakwenda mbio kuliko mikono ya mpigaji yeyote, gitaa linakwaruza chini yake, na Kanja anapiga mayowe kutoka kifuani mpaka maneno yanageuka pumzi tupu. Anayeusikia mara ya kwanza hupunguza sauti. Akivumilia dakika chache, huanza kuisikia midundo, mmoja ndani ya mwingine, na hasira yenye mpangilio.

Mzazi akikutana na jina la wimbo wao kama “Pembe 666” ana haki ya kuuliza mtoto wake anasikiliza nini. Aulize, ajibiwe. Lakini atauliza vipi jambo ambalo hajawahi kulisikia? Redio hazikuipiga.

Singeli, muziki wa mitaa ya Dar es Salaam, nayo iliitwa muziki wa wahuni. Mwaka 2017 lebo hiyohiyo ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa nyimbo kutoka studio ya Mburahati, Dar es Salaam, na vijana wa uswahilini wakafika majukwaa ya Ulaya. Wabunge wanapojadili tamasha, wanajadili pia mlango huu wa studio na lebo. Ukifungwa, bendi nyingine ya Nairobi, Mwanza au Goma itarekodi wapi albamu yake ya kwanza? Na wimbo usiopigwa hewani hauleti mrabaha wa redio, hata ukisifiwa London.

Kwa hiyo lawama isiishie bungeni. Wakuu wa vipindi, tengeni saa moja kwa wiki, hata iwe usiku wa manane. Watangazaji, tajeni majina ya vijana hawa kama mnavyotaja ya wageni. Wenye kumbi, wapeni jukwaa na umeme wa kutosha. Nanyi wasikilizaji, pigeni simu, ombeni nyimbo zao, ombeni tena mkikataliwa! Redio hazikuipiga 2020. Ziipige sasa, wiki hii, wanamuziki wenyewe wakiwa hai na wakiwa kazini. Kituo hiki kinaanza leo: mara baada ya maoni haya, ni “Lionsblood” ya Duma, mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa.