Mchezo Wakati wa Mazoezi: Kumsaidia Mtoto Aliyeungua

Leo tunazungumza juu ya mtoto aliyeungua kwa chai au kwa moto wa kuni. Kidonda kimeanza kupona, lakini kila ukimnyoosha mkono, analia.

Kilio hicho humfanya mama aache, na hapo ndipo penye hatari. Ngozi ya kovu ina tabia ya kujikunja na kuvuta. Isiponyooshwa, vidole huvutwa kiganjani, kiwiko hukataa kunyooka, kidevu hushuka kifuani. Kovu huendelea kuvuta kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na likishakaza sana huenda mtoto akahitaji upasuaji. Tena ujue, mama: mkao anaoupenda mtoto kwa sababu hauumi, yaani mkono uliokunjwa, ndio huohuo unaomlemaza.

Huko Seattle, Marekani, wataalamu Hunter Hoffman na David Patterson walianza mwaka 1996 kutafuta njia ya kupunguza maumivu ya watu walioungua. Walitumia kompyuta, kwa ufundi unaoitwa uhalisia pepe. Mgonjwa huvaa miwani mikubwa inayofunika macho, na ndani yake huona dunia nyingine. Mchezo wao, SnowWorld, humtia katika bonde la barafu, naye hurusha mipira ya theluji. (Kwetu Tarbaj, wengi wetu theluji hatujaiona hata kwa macho!) Huku akicheza, mtaalamu humsafisha kidonda au humnyoosha kiungo. Wagonjwa walisema maumivu yalipungua. Sababu ni kwamba akili ikishughulika na jambo jingine, hubaki na nafasi ndogo ya kusikiliza maumivu.

Lakini tusidanganyane: miwani hailainishi kovu. Kinacholilainisha ni kule kunyooshwa. Mchezo humwezesha mtoto kuvumilia, na mchezo hata wewe unao.

Kwanza, mwulize daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo ni lini uanze na unyooshe vipi, hasa kama mtoto alipandikizwa ngozi. Kama amepewa dawa ya maumivu, mpe nusu saa kabla. Kisha muite ayeeyo aanze hadithi ya fisi, wewe unyooshe mkono taratibu, bila kuvuta kwa ghafla, na uushikilie huku mtoto akihesabu mbuzi wa nyumbani mmoja mmoja. Au shika tende juu ya kichwa chake aifikie kwa mkono ule ulioungua, si ule mzima. Mimi naiamini sana hadithi ya ayeeyo, maana haihitaji umeme. Hadithi ikatwe mahali patamu, ili kesho mtoto mwenyewe aulize mazoezi ni saa ngapi.

Fanya hivyo mara kadhaa kila siku. Usiku mkono ulale umenyooka, na kama shingo ndiyo iliyoungua, asilalie mto.

Ngozi ikipasuka na kutoka damu, kidonda kikitoa usaha, au mtoto akipata homa, simamisha mazoezi umpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.